Maji Kwanza, Chetezo Baadaye

Katika miji ya pwani, kuanzia Lamu hadi Kilwa, harufu ya udi inayotoka dirishani Alhamisi jioni humpasha mpita njia habari moja: nyumba hii imeshafagiliwa, imepigwa deki, mashuka yamebadilishwa na watu wake wameoga. Chetezo huja mwisho. Huo ndio utaratibu ambao akina bibi waliufuata bila kuuandika popote, na ndio unaopotea sasa, wakati ubani, udi, kivumbasi, mvuje na chumvi ya mawe vinauzwa katika vipakiti vyenye ahadi ya kusafisha nyota, kutoa nuksi, kurudisha mapenzi na kufungua biashara. Mnunuzi haambiwi afagie wala afungue dirisha. Mara nyingi huambiwa afunge milango ili moshi usitoke, avute pumzi ndefu, kisha asubiri mambo yageuke. Hoja ninayoitetea hapa ni nyepesi kuitamka na nzito kuifuata: kufukiza ni tamati ya usafi, si badala yake. Nyumba husafishwa kwa maji, ufagio na hewa. Mwili husafishwa kwa maji na mapumziko, na moyo kwa toba, kusameheana na utulivu wa pumzi. Harufu nzuri huja kuthibitisha kwamba kazi hiyo imefanyika. Ukiiondoa kazi ukabakisha moshi, umebaki na kitu kinachokula fedha, kinachoumiza mapafu na, kwa baadhi ya miti, kinachomaliza misitu.

Ushahidi wa kwanza uko katika dini mbili ambazo wengi wetu tumelelewa nazo. Anayejiandaa kwa swala ya Ijumaa hufundishwa kuoga, kupiga mswaki na kuvaa nguo safi, ndipo ajitie manukato. Maiti wa Kiislamu huoshwa kwa maji yaliyotiwa majani ya mkunazi, kafuri ikawekwa katika josho la mwisho, na sanda inayofukizwa huvishwa mwili ambao tayari ni safi. Katika Biblia, sura ya 30 ya kitabu cha Kutoka inaeleza madhabahu ya kufukizia uvumba, na ndani ya sura hiyohiyo imo amri ya birika la shaba ambamo Haruni na wanawe walitakiwa kunawa mikono na miguu kabla ya kuikaribia madhabahu, wasije wakafa. Sura hiyo inataja hata viungo vya uvumba wenyewe, kisha inamkataza mtu kujitengenezea wa namna hiyo kwa ajili ya kuunusa. Anayetaka kujua dini hizi zinauweka wapi moshi wenye harufu hahitaji tafsiri ngumu. Twahara ni ya maji na nia. Manukato ni heshima inayofuata.

Historia ya pwani nayo inaelekea hukohuko. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331, aliletewa tambuu na popoo, na akamiminiwa marashi ya mawaridi kutoka Damascus pamoja na kadhi aliyekuwa naye. Ilikuwa namna ya kumpokea mgeni, na haijafa hadi leo: mrashi bado hupitishwa kwenye maulidi, vikuba vya asumini na mrehani bado hufungwa kwa ajili ya bibi harusi, na nguo za harusi bado hutandazwa juu ya chetezo ili zinywe harufu. Katika desturi zote hizi mtu anamkaribisha mwenzake, au anaikaribisha siku njema, au anamkaribisha Mola wake. Sisemi kwamba pwani haikujua moshi wa kufukuza. Mvuje umefungwa na kufukizwa kwa watoto ili kuzuia kijicho tangu zamani, na mafusho yana nafasi yake katika uganga. Lakini hata huko moshi haukuwahi kusimama peke yake. Mganga aliuliza ugonjwa ulianzaje, aliita ndugu, alipatanisha waliogombana, aliandaa chakula na ngoma, na shughuli nzima iliweza kuchukua siku nyingi. Mgonjwa alijikuta katikati ya watu wanaomjali. Kipakiti kinachouzwa leo kimechukua sehemu iliyo rahisi kufungasha na kuacha yote yaliyokuwa yanambeba mgonjwa.

Kwa nini basi harufu ina nguvu kiasi hiki hata watu waamini kwamba yenyewe ndiyo inayosafisha? Sehemu ya jibu iko katika njia ya pua. Habari za harufu hufika kwa mkato kwenye sehemu za ubongo zinazoshughulikia hisia na kumbukumbu, mkato ambao macho na masikio hayana. Ndiyo maana harufu ya udi inaweza kumrudisha mtu mzima kwenye sebule ya utotoni kabla hajapata hata neno la kulisema. Mwaka 2008 kundi la watafiti lilitangaza kwamba kiambato kimoja cha utomvu wa ubani, walichokitenga na kuwapa panya, kiliwapunguzia panya hao dalili za wasiwasi. Matokeo hayo yamesambazwa sana na wauzaji, na ni ya kuvutia kweli, ila panya waliopewa kiambato kilichotengwa maabara si sawa na mtu anayekaa chumbani na chetezo. Ninaona maelezo ya kumbukumbu yana uzito zaidi. Mtoto aliyekua akiisikia harufu ya udi kila wakati nyumba inapokuwa safi, watu wamepumzika na wageni wanatarajiwa, mwili wake hujifunza kutulia kila aisikiapo. Harufu inachota kwenye akiba iliyowekwa na miaka ya usafi na amani. Akiba hiyo inaweza pia kukauka. Anayefukiza kila siku kwa hofu ya wachawi, chumbani mwenye vumbi na ugomvi, anaufundisha mwili wake somo lingine kabisa: udi maana yake hatari ipo.

Sasa tuutazame moshi wenyewe, maana hapa ndipo wapenzi wa ubani, nami nikiwa miongoni mwao, hupenda kupita haraka. Moshi ni moshi. Utomvu, ubao au jani linapoungua, hewa hujaa chembe ndogo mno, nyembamba takriban mara 30 kuliko unywele, ambazo hupita puani na kooni na kuzama hadi ndani kabisa ya mapafu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2021, linashauri wastani wa chembe hizo kwa siku usizidi mikrogramu 15 katika kila mita moja ya ujazo ya hewa, na chumba kidogo kilichofungwa kikafukizwa hukivuka kiwango hicho mara nyingi. Huko Singapore, utafiti uliofuatilia Wachina zaidi ya 61,000 kwa miaka mingi, na kuchapishwa 2008, uligundua kwamba waliochoma uvumba kwa muda mrefu walipata zaidi saratani za njia ya juu ya hewa, pamoja na aina mojawapo ya saratani ya mapafu. Oman, ambako chetezo ni kitu cha kila nyumba na ambako Waswahili wengi wana ndugu, watafiti waliuliza kuhusu watoto na wakatoa jibu lenye pande mbili mwaka 2009: hawakuona kwamba buhuri ndiyo inayowapa watoto pumu, ila kwa mtoto ambaye tayari anayo, moshi wake ulikuwa miongoni mwa vichocheo vya kawaida vya kifua kubana. Tofauti hiyo ni muhimu. Nyumba isiyo na mgonjwa wa pumu haina sababu ya kuogopa chembe mbili za ubani siku ya Ijumaa. Nyumba yenye mgonjwa huyo haina udhuru wa kuendelea.

Tena kuna makaa, ambayo hakuna anayeyataja kwa sababu hayana harufu. Kaa linalowaka hutoa hewa ya sumu isiyoonekana wala kunuswa, ileile inayoua familia zinazolala na jiko ndani msimu wa baridi. Chetezo kina makaa machache kuliko jiko, lakini chumba kilichozibwa madirisha kwa makusudi ili moshi ufanye kazi kinageuza hesabu hiyo. Anayenitia wasiwasi zaidi ni mzazi na mtoto wake mchanga. Siku arobaini za uzazi pwani ni desturi yenye busara nyingi: mama anakandwa, anakula vizuri, anaepushwa na kazi na kuzungukwa na akina mama wenzake. Lakini katika siku hizohizo chumba hufungwa na kufukizwa tena na tena, na ndani yake yumo mtoto anayepumua haraka kuliko mtu mzima, kwa mapafu ambayo bado yanakua. Hakuna lolote la thamani katika arobaini litakalopotea iwapo mama atafukizwa upande mmoja wa nyumba na mtoto akabebwa na shangazi upande mwingine hadi hewa itakapotulia.

Hapa atasimama mtu anayejua mimea na kusema kwamba ninadharau dawa. Kivumbasi, atasema, hakikupandwa kando ya milango kwa ajili ya urembo. Kinafukuza mbu, na moshi wake unawafukuza zaidi. Yuko sahihi, na sayansi imempa haki. Watafiti waliofanya kazi magharibi mwa Kenya, kando ya Ziwa Victoria, walichapisha mwaka 2002 majaribio ya mimea ambayo wenyeji huitumia dhidi ya mbu wa malaria, ikiwemo ya jamii ya kivumbasi, na wakaona kwamba inapunguza kweli idadi ya mbu wanaoingia kwenye vibanda vya majaribio. Majaribio ya kaskazini mwa Tanzania yalifuata mkondo huo. Lakini kwenye kazi hiyo ya Kenya limo jambo ambalo kila mwenye chetezo angefaa kulijua: walilinganisha kuyachoma majani moja kwa moja na kuyapasha moto juu ya bamba la chuma lililowekwa juu ya jiko, na kupasha kukafanya kazi vizuri zaidi kuliko kuchoma. Sababu yake inaeleweka. Kinachomkera mbu ni mafuta yenye harufu yaliyo ndani ya jani. Joto la wastani huyatoa mafuta hayo yakiwa mazima, ilhali mwali huyateketeza na kubakisha moshi mtupu. Fundi wa udi analijua hilo kwa mkono. Haweki kipande chake juu ya kaa jekundu, husubiri kaa lishike majivu, na udi ukianza kuvuja mafuta taratibu bila kutoa moshi mweusi ndipo anaposema umekaa sawa. Kwa hiyo ushahidi wa dawa haukitetei kile chumba kilichojaa moshi mzito. Unatetea jani bichi mlangoni, jani lililopashwa, na mkono wenye subira. Wala mbu wasitusahaulishe chandarua, ambacho hakidai kufukizwa. Anayedhani dawa ya mbu ya kuzungusha ni salama kuliko majani naye asikie: utafiti uliochapishwa 2003 ulikadiria kwamba duara moja likiungua lote hutoa chembe ndogo sawa na sigara 75 hadi 137.

Wapo pia wanaokumbusha utafiti wa India wa 2007, ambapo kuni na mchanganyiko wa mitishamba vilichomwa ndani ya chumba kwa saa moja na vijidudu vya hewani vikapungua kwa zaidi ya asilimia 94. Sina sababu ya kuukana. Moshi huua vijidudu. Ndiyo maana samaki hukaushwa kwa moshi. Lakini kitu kinachoua vijidudu si lazima kiwe rafiki wa mapafu yanayokivuta kwa saa nzima, na vijidudu vingi vinavyotuletea maradhi nyumbani havielei hewani vikisubiri chetezo. Viko kwenye maji ya kunywa yasiyochemshwa, kwenye mikono, kwenye kitambaa cha kufutia meza, kwenye choo. Kuchemsha maji na sabuni vinavifikia huko, ubani haufiki.

Nyungu inastahili kutajwa kando, kwa kuwa ni ya mvuke, nao mvuke si moshi. Mwaka 2020, wakati wa korona, kujifukiza kulipata sauti ya juu kabisa nchini Tanzania pale Rais John Magufuli alipokupigia debe hadharani, na blanketi na sufuria ya majani ya mwarobaini, mkaratusi, mchaichai na malimau vikawa mazungumzo ya kila kijiwe. Mvuke wa majani unalegeza makamasi, unafungua pua kwa muda na kumpa mgonjwa faraja ya kujisikia ameshughulikiwa. Hilo si jambo dogo. Ila tafiti za mvuke kwa mafua ya kawaida, zilipokusanywa na kupimwa pamoja, hazikuonyesha faida ya kudumu inayotegemeka, na kirusi kilichokwisha kuingia ndani ya seli za mwili hakifikiwi na joto ambalo ngozi ya uso inaweza kulivumilia. Hatari yake ya kweli ni ya jikoni: maji ya moto kumwagika, hasa kwa watoto wanaowekwa chini ya blanketi na sufuria inayochemka. Mzee anayejifukiza kwa kuwa kunamburudisha asisumbuliwe. Mgonjwa anayehema kwa shida na kufungiwa kwenye nyungu badala ya kupelekwa hospitali amedhulumiwa na wanaompenda.

Nikifika kwenye pumzi ninafika kwenye sehemu ya ibada hizi ambayo, kwa maoni yangu, ndiyo yenye ushahidi bora na ndiyo inayopuuzwa zaidi, pengine kwa sababu haina cha kuuza. Mtu mzima aliyetulia huvuta pumzi kati ya mara 12 na 20 kwa dakika. Mwaka 2001 watafiti wa Italia waliwapima watu waliokuwa wakisali rozari kwa Kilatini na waliokuwa wakitamka mantra za yoga. Wakakuta kwamba maneno hayo, kwa urefu wake na kwa marudio yake, yalishusha pumzi hadi karibu mara 6 kwa dakika, na kwamba kwa mwendo huo mifumo inayoongoza mapigo ya moyo na shinikizo la damu ilifanya kazi kwa upatano zaidi. Hawakupima uradi wa Kiislamu, lakini yeyote anayejua mwendo wa tasbihi baada ya swala ya alfajiri, maneno mafupi yaleyale yakirudiwa kwa sauti ya chini bila pupa, ataona kwamba mwili unaalikwa kwenye mdundo wa aina hiyo. Hadra ya twarika, yaani zikri ya pamoja, ni jambo lingine. Katika zikri za Qadiriya, ambazo Sheikh Uways wa Barawa, aliyefariki 1909, alichangia sana kuzieneza Unguja na mwambao, kuna vipindi ambavyo pumzi huenda kasi na kwa nguvu, kifua kizima kikitamka jina la Mungu. Pumzi za kasi hupunguza kabonidayoksaidi katika damu, kichwa kikawa chepesi na vidole vikafa ganzi, na ndiyo sababu hadra ina kiongozi anayejua lini aipandishe na lini aishushe. Hayo hayaondoi chochote katika maana yake ya kiroho. Yanatuonyesha tu kwamba waliotutangulia walijua kwamba pumzi ni chombo, kwamba kuna ya kupanda na kuna ya kushuka, na kwamba hakiachwi kwa mtu asiyefundishwa.

Wasio na twarika wala rozari hawajafungiwa mlango. Chuo Kikuu cha Stanford kilichapisha mwaka 2023 jaribio la mwezi mmoja ambamo watu waligawanywa katika mazoezi mbalimbali ya dakika tano kwa siku. Waliokuwa wakivuta pumzi mbili mfululizo puani kisha kuitoa moja ndefu sana mdomoni walipata nafuu zaidi ya hisia zao kuliko wale waliokaa tu kuitazama pumzi yao. Ni ile pumzi ya kushusha mzigo ambayo kila mtu huitoa anapofika nyumbani na kukaa. Na hapa ndipo vipakiti vya nyota vinapokosea vibaya kuliko mahali pengine pote, kwa kumwambia mtu avute pumzi ndefu na nzito mbele ya chetezo kinachofuka. Pumzi ndefu hupeleka hewa mbali zaidi ndani ya mapafu, na kama hewa hiyo imejaa chembe, nazo zinapelekwa mbali zaidi. Mambo haya mawili yatenganishwe. Fukiza, ondoka, acha madirisha wazi, na moshi ukishapungua ikabaki harufu peke yake, rudi ukae ndipo upumue. Aliye na chetezo cha umeme kinachopasha udi bila makaa amepunguza tatizo kwa kiasi kikubwa, ingawa dirisha bado linahitajika.

Pingamizi zito kuliko yote halitoki kwa mjuzi wa mimea wala wa maabara. Linatoka kwa mtu anayesema: nyumba yangu ina kitu, sijalala wiki tatu, na wewe unaniambia habari za chembe na madirisha. Mtu huyu asijibiwe kwa kejeli. Imani ya majini ipo ndani ya Kurani, imani ya pepo ipo ndani ya Injili, na mimi sina kazi ya kuziondoa. Ninachomwomba ni kuangalia dini yake mwenyewe inamwagiza nini kwanza: Mwislamu anaambiwa asome Ayatul Kursiyu na Mu'awidhatayni, aya na sura za kinga ndani ya Kurani, na adumu na udhu, Mkristo anaambiwa asali na afunge. Hakuna kati ya hao aliyeambiwa kwamba wokovu wake uko kwenye unga wa shilingi elfu thelathini. Kisha aangalie yale yanayoonekana. Kukosa usingizi wiki tatu, kuogopa vyumba, kusikia sauti, kuchoka bila kazi, haya yanaweza kuwa dalili za sonona, za msiba usiolizwa, za shinikizo la damu, za madeni, za ndoa yenye kipigo. Kuyapeleka zahanati hakumkatazi kuswali. Kinyume chake ndicho cha kuhofiwa: moshi ukichukuliwa kuwa ndiyo tiba, kila siku isiyo na nafuu inakuwa ushahidi kwamba uchawi ni mkubwa zaidi, anatafutwa jirani wa kulaumiwa, na ununuzi unaendelea.

Upande wa pili wako wanaotaka chetezo kitupwe kabisa, wengine kwa jina la sayansi, wengine kwa jina la dini iliyosafishwa na mila. Siwezi kuwafuata. Nyumba isiyo na harufu yake hupoteza njia mojawapo ya kuwafundisha watoto kwamba siku fulani ni ya heshima na mgeni fulani anapendwa. Kazi ya kupika udi, wanawake wakichemsha sukari, wakichanganya sandali na marashi na kubishana kuhusu kipimo cha kila kimoja, ni elimu na ni riziki. Hatari ya moshi hutegemea wingi, muda na ufinyu wa chumba, na vyote vitatu viko mikononi mwa anayefukiza. Tofauti kati ya chembe mbili za ubani barazani na nusu kikombe katika chumba kilichozibwa ni kubwa kiasi kwamba kuyaita yote mawili kwa hukumu moja ni kukosa uadilifu.

Kiasi hicho kinahusu pia watu na miti iliyo mbali na sebule zetu. Ubani bora wa Dhofar, Oman, hutoka kwenye mti unaochanjwa gome ukatoa machozi ya utomvu, yakaachwa wiki kadhaa yagande kabla ya kukwanguliwa, na mti unahitaji kupumzishwa ili usife. Bonde la miti hiyo na bandari za biashara yake viliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000. Huko Ethiopia, Eritrea na Sudan, kunakotoka sehemu kubwa ya ubani unaochomwa duniani, utafiti wa 2019 ulikuta kwamba zaidi ya robo tatu ya misitu iliyochunguzwa haikuwa na miche wala miti michanga, kwa sababu ya mifugo, moto na uchanjaji wa kupindukia, na ukatabiri kwamba mavuno yangepungua kwa nusu ndani ya miaka 20. Mti wa udi wa Asia ya Kusini-Mashariki, ambao hutoa utomvu wake wa thamani unapojeruhiwa na kuvamiwa na kuvu, umewindwa hadi biashara ya spishi yake kuu ikawekwa chini ya udhibiti wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya spishi zilizo hatarini, mwaka 1995, na baada ya miaka kumi jenasi nzima ikafuata. Sehemu kubwa ya udi wa bei nafuu tunaouziwa ni vipande vya mbao vilivyolowekwa manukato ya viwandani. Na msandali wetu wa Afrika Mashariki, ambao hung'olewa pamoja na mizizi kwa kuwa mafuta mengi yamo huko chini, uliingia kwenye orodha hiyohiyo ya CITES mwaka 2013 kwa nchi sita, Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi zikiwemo. Kenya ilikuwa imeshapiga marufuku uvunaji wake tangu 2007, na bado magari yanakamatwa yakiwa yamebeba magogo yake. Kaskazini mwa Kenya, wafugaji wa Isiolo, Marsabit na Wajir hukusanya ubani wa miti ya nyikani kwao, na mapato yake, pale yanapowafikia, ni sababu ya kuiacha miti hiyo imesimama badala ya kuichoma makaa. Mnunuzi wa Kariakoo au Mombasa ana haki ya kumuuliza muuzaji ubani huu umetoka wapi na umevunwa na nani, na muuzaji anayejua kazi yake ana jibu.